Kigae Kilichorudi Bila Moto

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa kigae. Moto wetu ulikuwa umezimika, bibi akanituma kwa jirani kuomba kaa la moto, kama tulivyofanya siku zote. Nikaenda na kigae changu cha chungu kilichovunjika. Nikarudi nacho kitupu.

Najua unacheka. Mjomba gani huyu, mvi hajaota, anajifanya mzee! Cheka. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na mimi nimesikia wale jamaa wa machimbo kule Geita wamekuzunguka, wanataka mkaa wa ngitili yetu, msitu wetu wa akiba. Wamekwambia ni miti michache tu, walinzi wa sungusungu hawatajua. Kwa hiyo kaa chini. Mimi shule sikumaliza, kusoma kwenyewe nilijifunzia magazeti yaliyofungia chumvi dukani, lakini hili sikulisoma. Nililiona.

Enzi hizo pale hapakuwa na ngitili. Palikuwa peupe kama kiganja. Migunga ilikatwa kupisha pamba, ikakatwa tena tulipohamishiwa kijijini na kila mtu anajenga, iliyobaki tukaipikia. Ikaisha. Tukapikia miti ya pamba, tukapikia magunzi, na magunzi yakiisha tunapikia mavi ya ng'ombe. Mavi hayawaki, mwanangu, yananuna tu. Moshi wake unakuingia machoni kama pilipili. Bibi yangu alipikia kwenye kibanda kisicho na dirisha, ameinama anapuliza, mwaka kwa mwaka, mpaka macho yake yakawa mekundu, mekundu kabisa.

Unajua huku kwetu kizee mwenye macho mekundu anaitwaje. Mimi hilo neno silitamki.

Mtoto mdogo wa jirani yetu, Mama Masanja, akafa kwa homa. Mganga akaitwa. Hakutaja mtu, alisema tu, "Tafuteni macho." Basi. Neno likaanza kutembea. Nikifika kisimani, wanawake wananyamaza. Nikiondoka, nasikia wanaanza tena. Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo siipendi mpaka leo, maana kijiji cha pili kutoka kwetu lilikuja kweli: kizee alikutwa shambani kwake amekatwa, na eti hakuna aliyeona.

Sasa asubuhi ile naingia kwa Mama Masanja na kigae changu. Uji wa watoto wake unachemka juu ya mafiga.

"Shikamoo, mama. Bibi anaomba moto."

Hakuitikia. Alichukua kata ya maji, akamwaga kwenye moto wake mwenyewe, uji ukiwa juu. Majivu yakaruka mpaka usoni kwangu.

"Hapa hakuna moto," akasema.

Mwanangu, huku mtu akinyimwa moto ameshazikwa, umebaki mwili tu.

Bibi alikitazama kigae. "Basi leo tule karanga," akasema. "Na haya meno yangu mawili, kibakuli kitatufikisha kesho." Alitaka nicheke. Lakini karanga zilikuwa zinamdondoka chini moja moja, na yeye anajifanya hazioni.

Hapo damu ikanipanda. Nani amguse bibi yangu? Nikavuta rungu langu, nikatoka mbio. Njiani nikakutana na Mzee Lushinge, kiongozi wa sungusungu wa kijiji, yuko na mkuki wake begani.

"Unakwenda kumpiga nani?"

"Baba Masanja! Nampasua!"

"Salamu umeiacha wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kampasue. Kesho watasema, mnaona? Kizee amemtuma mjukuu amalizie kazi. Wewe ndiye utakuwa umemuua bibi yako. Hao wengine watashika panga tu."

Nikalishusha rungu. Nilikuwa sijaliona hilo kabisa.

"Umewahi kumpikia huyo bibi yako unayempenda hivyo?" akaniuliza.

"Mimi? Mimi mwanaume!"

"Ndiyo maana hujui kitu."

Alikwenda kwake, akaja na kaa la moto kwa mkono wake mwenyewe, watu wakiona. Akaniingiza kwenye kile kibanda. "Pika ugali. Usitoke mpaka uive." Mwanangu, nilipika. Nilikohoa, nililia, nilitukana mpaka bibi akaniambia ugali hauivi kwa matusi. Nilipotoka nilikuwa sioni vizuri. Mzee akanishika mkono, akanipeleka vile vile kwenye mkutano wa kijiji.

Siku hiyo serikali ilikuwa imetuma maafisa wake, bwana misitu na bibi maendeleo, kutoka wilayani, waje kututaka tufunge eneo la malisho ili miti iote tena. Wanaume wananuna, wanaulizana ng'ombe watakula wapi eneo likifungwa. Mzee Lushinge akanisukuma katikati.

"Mtazameni huyu macho. Jana alikuwa mzima. Haya, niambieni, tangu asubuhi ameroga nani?"

Mmoja akacheka huko nyuma, halafu akameza kicheko chake. Nakwambia ukweli, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliona wanaume wananitazama mimi, halafu wanatazama njia ya kwetu. Nikajua wakiamua vibaya, bibi yuko peke yake nyumbani na karanga zake.

"Hiyo ni kazi ya moshi," bibi maendeleo akasema. Alikuwa msichana tu. "Jiko ninalowaletea linatumia kuni chache, na moshi wake unatoka nje kwa tundu la ukutani. Naomba nyumba ya kuanzia."

"Kwa bibi wa huyu," Mzee akasema.

Hakuna aliyeinuka. Wanawake walikuwa wanatazamana, kila mmoja anachungulia macho ya mwenzake kama leo ndiyo anayaona. Mwisho akasimama Mama Masanja, na yake yamevimba, ya moshi na ya kilio.

"Udongo wa kichuguu uko nyuma ya nyumba yangu," akasema.

Hakuomba radhi. Alikuja kwetu, akapandisha kanga, akakanyaga udongo na wenzake mpaka jua likazama. Jiko lilipokauka, moto wa kwanza aliuleta yeye, kwenye kigae.

Ngitili nayo tukaifunga. Serikali ilileta miche na maarifa, kijiji kikaleta walinzi: shoka marufuku, ng'ombe mpaka kiangazi kikali. Visiki tulivyodhani vimekufa vikachipua. Ndiyo miti hiyo unayotaka kuichoma.

Usidhani hofu iliisha. Bibi alilala ameegemeza kinu mlangoni mpaka mwisho wake. Lakini alikufa kwa uzee, kitandani kwake, na huku kwetu hilo ni la kumshukuru Mungu kwa magoti.

Sasa sikia nasaha yangu, siirudii. Mti wa ngitili si mkaa wa mchimbaji, ni macho ya mama yako. Ukiumaliza, mavi ya ng'ombe yanarudi jikoni kwake, na dada yangu anaukaribia umri ule. Jiko lake likipasuka, lizibe wewe, usimsubiri msichana wa wilayani. Ingia jikoni upike, ujue moshi unauma wapi. Kijiji kikipanga jambo na serikali ikashika upande wa pili, na wewe shika, maana mkono mmoja haulei mwana. Hasira yako iweke chini kama rungu langu. Na ukiingia na shoka mle, mimi mwenyewe nitakukamata nikupeleke kwa sungusungu, na unajua ninavyokupenda.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde njia zote. Ukiomba moto upewe, ukiombwa usinyime. Na mama yako azeeke, azeeke sana, na macho yake meupe.