Siku ya Posa ya Kothai

Kothai, mtoto wa kaka yangu, alikuwa karani wa posta hapa Kumbakonam, mji wetu wa kusini mwa India. Kuimba alijifunza kwa masikio tu, kutoka redioni na kwenye vipaza sauti vya hekalu; hakuwahi kukaa mbele ya mwalimu. Alipofika umri wa kuolewa, watu wa kijana mmoja aitwaye Seshadri wakaja naye kumtazama.

Mimi nilikuwa jikoni nakaanga bajia za ndizi. Kothai akapita na sinia, sari ya hariri inambana pumzi, akaketi mkekani. Mama wa kijana akauliza lile swali la siku zote: "Anaimba?"

"Kidogo," kaka akajibu.

Kidogo! Kothai alifumba macho akaingia Shanmukapriya, bila maneno, sauti tupu ikipanda taratibu. Raga hiyo, yaani ngazi ya sauti ambayo mwimbaji hufuata, ina sauti saba, na ile ya saba lazima ikae chini kidogo. Ukiipandisha tu, umeshatoka, uko raga nyingine kabisa. Sijui ni woga, sijui ni sari. Alipofika juu, ile ya saba ikamponyoka ikapanda.

"Wee!" Bibi yake Seshadri, Ambujam, aliyekuwa akitafuna tambuu kimya tangu aingie, akajipiga paja. "Mbona umeingia nyumba ya jirani bila hodi? Rudi kwako!"

Kothai akafumbua macho, uso umemwiva. "Nimepotea wapi, bibi?"

"Hapa." Akaiimba sauti ile. Koo lilikwaruza, lakini sauti ilinyooka kama uzi. Kothai akaiga. "Shuka! Usiiogope, haiumi." Akarudia, na mara hii ikakaa pake, mpaka vinyweleo vikanisimama.

Basi moto ukawaka! Bibi anatupa kipande, Kothai anakidaka, anakirudisha kirefu zaidi. "Mchokozi huyu!" bibi anacheka, anatupa kingine. Kaka anapiga mapigo gotini. Bajia zikaungua, wala sikujali.

"Mama," mama yake Seshadri akamnong'oneza bibi, "tumekuja kutafuta mke."

"Tafuteni. Mimi nimeshapata mwanafunzi."

Seshadri, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakiri kwamba muziki humuumiza kichwa. Posa ikafia hapo, tena kwa vicheko. Lakini wiki haikuisha, bibi akashuka basi peke yake mlangoni petu, akavua viatu, akaita, "Yuko wapi mtoto wangu?" Tangu hapo hakuacha kuja.

Sikukuu ya Navaratri iliyopita Kothai aliimba Shanmukapriya katika ukumbi wa hekalu. Mpiga fidla alishusha upinde, akabaki kumtazama. Alipomaliza, ukumbi ulilipuka. Bibi Ambujam akashika bega langu, akasimama safu ya mbele. "Mnamwona?" akapaza sauti. "Wangu huyo!"

"Wetu, bibi!" nikamjibu, na mimi nilikuwa nikipiga kelele kumshinda.