Baba Asitoke Ndani

Mlango ndio waliouchukua kwanza. Nyapara wa shamba alikuja asubuhi na vijana wenye nyundo, wakaung'oa pamoja na bawaba zake, wakaupakia kwenye mkokoteni. Mama alikuwa akikoroga uji. Aliwatazama mpaka wakamaliza, kisha akauliza, "Sasa fisi akija, abishe hodi wapi?"

Tulikuwa tukiishi kwenye laini, yaani safu ya vyumba vya mabati ambavyo shamba la mkonge lilikuwa limewajengea vibarua wake, nje kidogo ya Voi. Baba alifanya kazi pale tangu kabla sijazaliwa. Kisha mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, mashine ya kukamua mkonge ikamvuta mkono wa kulia, na hospitalini wakaukata juu ya kiwiko. Aliporudi aliambiwa kwamba nyumba ni ya mwenye kazi, naye kazi hana tena.

"Twende Sagalla," alisema siku ile mlango ulipoondoka. Ndiko alikozaliwa.

"Sagalla kwa nani?" mama aliuliza. "Ndugu zako wamegawana shamba mpaka kwenye mawe. Maji yenyewe wanayafuata alfajiri na kurudi na nusu debe. Twende tukawalalie juu?"

Baba alianza kufunga mzigo kwa mkono mmoja. Tuliziba mlango kwa gunia, na kila jioni mama aliegemeza kitanda mbele yake.

Mama alikwenda ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Karani alimwambia kwamba mambo ya tajiri na kibarua wake hayaihusu serikali. Alikwenda kwa mchungaji, ambaye alituombea. Ijumaa nyapara akarudi, akasimama nje kabisa, kama mtu asiyetaka kuona tulichokuwa tukila. "Jumatatu tunatoa mabati," alisema. "Mzee, mimi ni mtu wa kutumwa. Jiondokee kwa heshima yako."

Jirani mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa mjini ndiye aliyetuambia kwamba Jumatatu hiyo hiyo korti ingekaa Voi, na kwamba wakili Mhindi angekuja kwa treni kutoka Mombasa kumtetea mwenye duka mmoja wa mjini. Basi Jumatatu mama akajifunga leso na kuniambia nimfuate. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, na Kiswahili cha mama, mtu wa milimani Taita, kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Tulimwacha baba amekaa kitandani, mzigo wake wa Sagalla umefungwa kando yake.

Tulisubiri kwenye ngazi za korti jua likipanda. Wakili alipotoka, mtu mfupi mwenye miwani, mama alimzuia njia. Karani wa korti akamfokea. Wakili akainua mkono. "Mwache. Sema, mama."

Mama alisema kwa Kidawida, lugha ya kwao, mimi nikafasiri: mkono, mlango, mabati. Wakili aliniuliza swali moja.

"Baba yako yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Ndani."

"Basi asitoke. Unanisikia, binti? Mtu akiwa ndani, hawawezi kumtoa bila amri ya korti. Akitoka mwenyewe na mizigo yake, watasema amehama kwa hiari, na mimi sitakuwa na la kusema. Nitapeleka ombi leo kabla hakimu hajaondoka. Kimbieni."

Tulikimbia. Mama alivua viatu akavishika mkononi. Tulikata katikati ya mistari ya mkonge, miiba ikituchana miguu, na kabla hatujaiona laini tukasikia mabati yakianguka. Hakuna sauti niliyowahi kuichukia kama ile.

Nusu ya paa ilikuwa imekwisha kuondolewa. Mzigo wa baba ulikuwa nje, kwenye vumbi, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama palipokuwa na mlango, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Rudi ndani!" mama alipiga kelele kutoka mbali.

"Ndani gani?" baba alisema. Alinyoosha mkono wake mmoja kuelekea juu. "Hebu tazama. Unataka watu wanione nimekaa kama kuku kwenye tenga?"

"Nataka wakuone," mama alisema. Alikuwa amefika, anahema. "Baba wa mwanangu, nakuomba. Ukivuka hapo tumekwisha."

Nyapara aliteremka kwa ngazi kutoka juu ya paa. "Mzee alikuwa anaondoka kwa amani. Msimharibie."

Sijui nilipata wapi sauti. Nilimwambia kwamba wakili yuko kortini muda ule ule, mbele ya hakimu, na kwamba bila amri ya korti yeye ndiye atakayeulizwa, si meneja wa shamba. Nyapara alinitazama, akamtazama baba. Vijana juu ya paa waliacha kugonga.

Baba aliutazama mzigo wake kwenye vumbi. Kisha aliurudisha ule mguu ndani, akaenda kukaa kitandani, jua likimwangukia kichwani.

Alikaa hivyo siku kadhaa. Askari kanga, polisi wa chifu, waliletwa kumtisha. Meneja mwenyewe alikuja na gari lake, akapiga honi, akaondoka. Mvua ilinyesha mchana mmoja na baba akajifunika sufuria. Majirani walioogopa kutusalimu walianza kumletea chakula kwa kukipitisha juu ya ukuta, pale mabati ya paa yalipokuwa hayapo.

Siku ya kesi korti ilijaa. Wakili alieleza sheria ya nchi, kisha akaongeza kwamba mataifa ya dunia yalikuwa yametangaza kuwa kila mtu ana haki ya kupata makao, hasa anapopata kilema. Hakimu Mzungu alimkatiza: tangazo hilo halikuwa sheria katika koloni hili. Wakili aliinama kidogo. "Najua, mheshimiwa. Nilitaka tu lisikike Voi." Niliona mwandishi wa korti akisita, kalamu juu, asijue kama aandike.

Tulishinda kwa ile sheria ndogo ya nchi, si kwa tangazo. Hakimu alisema shamba halikuwa na amri yoyote, na nyumba ya mtu haibomolewi akiwa ndani yake. Aliamuru paa na mlango virudishwe, na baba aachwe mpaka shauri la ajali yake, ambalo wakili alikuwa amelifungua, lisikilizwe. Nyapara ndiye aliyepigilia mabati. Mama alimpa uji.

Tuliishi pale mpaka baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, shauri la ajali lilipokwisha na baba akalipwa fidia ya mkono wake. Hatukufukuzwa. Baba alichagua mahali Maungu, karibu na reli, akajenga kwa mkono mmoja na majirani wa laini wakimsaidia. Miongoni mwao walikuwemo mjane na mzee mmoja kipofu, ambao nao walikuwa wameambiwa watoke. Mama aliwauliza jambo moja tu kabla ya kuwapeleka kwa wakili: kama bado walikuwa ndani.