Steringi Amezamia

Wakati wetu, sisi watoto wa Beltsville, Arlington na Woodbridge huko Amerika tuliosikia Kiswahili jikoni tukajibu kwa Kiingereza sebuleni, sinema ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Ilikuwa mkanda mweusi wenye uzito wake, unanuka plastiki iliyopata moto na vidole vya watu usiowajua. Ukimaliza kuutazama uliurudisha nyuma mpaka mwanzo, mashine ikilia kama cherehani, ndipo ukaupeleka dukani. Watoto wa leo wanairuka sinema kwa kidole, wanamwacha steringi, shujaa wake, hajapigwa hata kofi la kwanza. Sisi tulikaa. Zulia letu lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, joto la bomba la ukutani likitukausha midomo, nje theluji imegeuka tope, na harufu ya bizari ya Mama ikiwafanya majirani wafungue madirisha hata mwezi wa pili.

Majira yale ya baridi, Bibi, mama yake Baba, alikuja kutoka Tanga. Watu waliambiwa amekuja kuwaona wajukuu, na kweli alituona. Lakini alikuja kwa jambo moja. Kitinda mimba wake, baba mdogo Rajabu, alikuwa amezamia: mwaka ule ule sisi tuliohamia Amerika, nikiwa na miaka minne, aliingia kwa siri kwenye meli ya mizigo pale bandarini, akaenda zake ng'ambo. Hakupiga simu tena. Kila Bibi alipouliza, Baba alimjibu vilevile, "Amezamia, Mama. Yuko Ulaya huko, hajapata makaratasi tu." Miaka sita ilipopita Bibi akaona aje mwenyewe, maana kwake ng'ambo ilikuwa mtaa mmoja, na waliomo lazima wakutane sokoni.

Kila Ijumaa baada ya sala aliuliza, "Saidi, Rajabu kapiga?"

Baba alitazama viatu vyake vya kazi. "Bado, Mama. Si unajua amezamia."

Mimi na Bibi hatukuwa na lugha. Yaani yeye alikuwa nayo yote, mimi nina makombo. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu huyu," alimwambia Mama, "anasema Kiswahili kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni."

Kilichotukutanisha ni mkanda wa Warusi. Baba aliuazima kwa mwenzake wa kule maegesho ya magari Arlington alikofanya kazi, akauweka juu ya kabati, akasema, "Mkanda ule mtu asiuguse," na kwa kusema hivyo akatuonyesha ulipo. Jumamosi moja mchana, Baba yuko kazini, Mama yuko Woodbridge kwa mzee aliyekuwa akimhudumia, mimi na rafiki yangu Kamau wa ghorofa ya chini tukapanda kiti.

Ilikuwa sinema ya giza. Majambazi wa Kirusi wamehamia mji wa watu, mji wa mvua, wamevaa makoti marefu, wanakunywa chai kwenye bilauri kwa adabu kabla ya kumkata mtu vidole. Steringi alikuwa dereva wao. Walisema Kirusi, maandishi ya Kiingereza yakapita chini, nami nikamgeuzia Bibi kwa Kiswahili, kama wale watafsiri wa mabanda ya video, ila wao walijua wanalosema. Kamau, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri, alishika upande wa vipigo.

"Shosho, hapa sasa ndio kuna noma."

"Shosho ndiyo nani?"

"Ni wewe."

"Haya. Na huyo Noma ni yupi, mwenye ndevu?"

Tulicheka mpaka tukakosa risasi tatu. Bibi hakuwaogopa majambazi. Aliwahurumia kwa baridi. Alitaka kujua kwa nini hakuna anayemfungia dereva vifungo vya koti. Dereva alipompigia simu mama yake huko kwao, nikasema, "Anamwambia anafanya kazi kwenye duka la mikate."

Bibi akaacha kuchambua mchele. "Anamdanganya?"

"Ndiyo."

"Mama yake anajua," akasema, akarudi kwenye mchele.

Karibu na mwisho Kamau akaitwa na mama yake waende mazoezi ya kwaya, nikabaki peke yangu na ukalimani. Dereva alitaka kutoroka, mkubwa wake akagundua. Wakampeleka darajani, wakamfunga mnyororo, wakamsukuma mtoni. Maji yakafunguka, yakajifunga. Nikatafuta neno la mtu aliyeingia majini asionekane tena. Nilikuwa na moja tu, lile nililolisikia kinywani mwa Baba kila Ijumaa.

"Amezamia," nikasema.

Bibi akapiga kofi moja la furaha. "Nilijua. Steringi hafi." Kisha akatazama tena. Mto umetulia, kofia inaelea. "Anatokea wapi?"

"Hatokei."

"Sasa mbona unasema amezamia? Aliyezamia yuko mahali. Huyu amezama."

"Si ni kitu kimoja, Bibi? Kama baba mdogo."

Macho yake yakaenda mlangoni. Nilipogeuka nilimwona Baba amesimama pale, koti bado mwilini. Nikadhani kosa ni mkanda.

"Baba, ni Kamau," nikasema.

Hakunisikia. Alikuwa akimtazama mama yake, na mama yake akimtazama yeye.

"Saidi," Bibi akasema taratibu. "Rajabu wangu. Amezama au amezamia?"

Majina ya Kirusi yalikuwa yakipanda kwenye kioo cha televisheni. Baba akapita juu ya zulia na viatu vyake, yeye aliyetugombeza kwa viatu kila siku, akapiga magoti mbele yake.

"Amezama, Mama."

"Lini?"

"Mwaka ule ule. Mwenzake aliniandikia kutoka Ugiriki. Waliruka karibu na ufukwe wakaogelea. Yeye hakufika."

"Ukaniacha nikimsubiri."

"Kwenye simu nilishindwa. Kila nikianza, unaniuliza kama nimekula."

Bibi akamvua Baba kofia, akaiweka mapajani mwake juu ya ungo wa mchele. "Na leo umekula?" akauliza, na Baba akalia kwa sauti ambayo sikujua watu wazima wanayo.

Jumamosi iliyofuata tulisoma hitima sebuleni. Walikuja Watanzania mpaka ngazi ikajaa viatu. Mama Kamau, mtu wa kwaya, alijifunga leso kichwani kama wenzake, akapika chapati tangu asubuhi. Bibi alinikalisha ubavuni mwake. Hakunilaumu. Kuanzia siku ile alinifundisha neno kwa neno, kwenye kila foleni na kila sinki la vyombo: kuhama ni kuondoka, kuhamia ni kufika, kulala ni usingizi, kulalia ni kuwa na kitu chini yako. "Ni herufi moja, mke mwenzangu," alisema, "iangalie." Aliondoka kabla joto halijaingia. Alifariki Tanga nikiwa chuo kikuu, nikapokea habari kwa simu, kwa Kiswahili, na nikaielewa yote.

Siku hizi sinema zinakuja na tafsiri yake chini, lugha unayotaka, na haikosei. Kila mtu ana kioo chake na vitu vyake vya masikioni, na nyumba yenye watu wanne iko kimya kama ofisi Jumapili. Binti yangu ana miaka kumi sasa. Ananielewa kila ninachosema, anajibu kwa Kiingereza kilichonyooka. Jana nilimwomba akae nami, anigeuzie maneno ya sinema kwa Kiswahili, yoyote yatakayomjia. Akanitazama kwa upole, akaniwekea tafsiri, akarudi chumbani.

Sijawahi kumsikia akikosea neno hata moja la Kiswahili. Natamani akosee.