Mahindi Nyuma ya Bibi Harusi

Siku niliyomwoa mama yako, mwanangu, bado naiona. Ilikuwa Jumamosi, katikati ya mvua, na mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Tulipotoka kanisani tulikwenda bustani ya mji kupiga picha, kama kila mtu aliyeoa hapa Likasi. Bila picha ya bustani watu walisema hamjaoana, mmekaa tu pamoja. Picha ilipigwa kwenye ngazi za kile kibanda cha mviringo, pale fanfari, bendi ya tarumbeta ya wafanyakazi wa migodi, ilipokuwa ikipiga kila Jumapili. Babu yako alipuliza tarumbeta humo tangu alipofika kutoka Kasai.

Itazame hiyo picha ukutani. Nyuma ya mama yako ni mahindi matupu. Mpigapicha alihangaika kuyaficha, akashindwa.

Hayakuota yenyewe. Miaka ile mishahara ilikuwa imesimama, na wanaume wa mitambo ya madini walishinda nyumbani wakitazamana. Mvua za kwanza ziliponyesha, wanawake wa avenyu yetu walishika majembe wakaenda kulima majani ya bustani. Bibi yako ndiye aliyeanza, wala simlaumu hata leo. Tulikuwa tukila bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na siku nyingine hata hiyo hatuioni. Nani atatazama maua na tumbo tupu?

Babu yako alikuja akasimama kwenye ngazi, tarumbeta kwapani. Alikuwa mtu wa kucheka sana, yule mzee, lakini siku ile hakucheka.

"Mama Ilunga," alimwambia bibi yako, maana Ilunga ni mimi, "mulime, batoto bakule. Lakini kisha kuvuna, murudishe majani. Muntu akilima pahali mara mbili, anasema ni shamba yake."

"Papa, ni musimu moja tu," bibi yako akamjibu mumewe.

"Moja tu," babu yako akasema, akarudi nyumbani.

Majani hayakurudi. Mwaka uliofuata kila mmoja aliweka mawe ya mpaka wake, baadaye mihogo, baadaye ukuta. Shamba likaanza kuitwa parseli, yaani kiwanja, mwenyewe akaliuza, mnunuzi akajenga. Bwawa la kuogelea la watoto lilijaa takataka, halafu watu wakafyatulia matofali humo humo. Usidhani mwizi alitoka mbali kuja kuimaliza bustani. Tuliimaliza wenyewe, majirani wa kanisa moja, kila mtu na njaa yake. Babu yako alipokufa, fanfari haikuwa na mahali pa kumpigia, maana kibanda kilikuwa kimebaki ngazi tu. Wazee wenzake walimpigia barabarani, malori ya madini yakipita, na sisi wafiwa hatukusikia kitu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa kimebaki kile kipande cha ardhi chenye ngazi za kibanda tu, nacho kinagawanywa. Jana ulikuja umefurahi. "Papa, balinipatia parseli. Na miye nikikataa, mwengine atatwaa."

Umesema kweli. Atatwaa. Sitaki kukudanganya.

Leo asubuhi nilipita pale. Binti yako Kapinga alikuwa akicheza mpira na wenzake mbele ya ngazi, magoli yao ni matofali. Alinikimbilia mimi babu yake. "Kambo, papa anasema chumba yangu itakuwa hapa," akanionyesha penye goli. Nikamwuliza wenzake watacheza wapi. Aliwageukia, akawatazama, na ile furaha ikamtoka usoni. Nikajuta kuuliza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitu cha watu wote usikikate kipande, hata kama una shida ya kweli, hata kama ni kwa msimu mmoja, hata kama unajua kesho atakuja mwingine kukimaliza. Njaa ya bibi yako ilikwisha, lakini bustani hatukuiona tena. Siwezi kukuahidi kwamba ukikataa utaokoa kitu. Nionavyo mimi, hutaokoa. Ukuta utasimama pale, ila usiwe wako, na Kapinga asilale juu ya mahali pa wenzake. Kama ni kujenga, hapa nyuma ya nyumba yangu pana nafasi. Ni padogo, lakini nitahamisha kuku.

Mungu akupe paa lisilovuja, mwanangu, akupe na watoto watakaokuzika kwa heshima. Na siku Kapinga atakapoolewa, Mungu akuonyeshe mahali pa kumpigia picha, kwa maana mimi nimezunguka mji huu wote na sijapaona.