Saa Kumi ya Mashine

Msikiti wa mtaa wetu, Mji wa Kale, ulikuwa na tangi juu ya dari, na tangi hilo lilikuwa na tabia ya kuishiwa na maji wakati watu wanatia udhu. Maji yalitoka kwenye kisima cha wakfu upande wa Marikiti, na mwenye kuendesha pampu hakuwa na njia ya kujua hali ya tangi ila aendewe na mtu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimeshaacha kusomesha chuo cha Kurani, nafasi ninayo, na miguu Mungu alikuwa bado ameniachia. Nilipanda ngazi, nikachungulia, nikashuka, nikapita katikati ya hamali na mikokoteni yao ya ndizi mpaka kwa bwana pampu nikamwambia, "Fungulia." Kisha ilinibidi nirudi tena kumwambia, "Funga." Nikichelewa, maji yalimwagika uchochoroni na akina mama wakatoka na mabeseni yao. Sikuihesabu kuwa hasara.

Katikati ya miaka ya tisini wakaja watu wawili wa simu. Mmoja alikuwa fundi, Mkristo wa bara, mpole, aliyeishi Mbaraki muda mrefu hata akajifunza kuamkia kwetu vizuri. Wa pili alikuwa mtaalamu kutoka Ulaya, aliyeletwa kuishauri nchi kuhusu mambo ya simu. Tuliketi nao kwenye baraza ya msikiti, sisi wa kamati, na fundi akawa mkalimani.

"Anasema siku zijazo vitu vitapigiana simu vyenyewe, bila mtu," akasema fundi. "Tangi litaiambia pampu kwamba maji yamekwisha. Mita ya umeme itaarifu ofisini. Anasema nchi kama yetu isingoje, ianze sasa kutayarisha mitambo, waya na namba, maana vitu navyo vitataka namba zao."

Mwenzetu mmoja, mshona kofia, hakuinua macho kutoka kwenye sindano yake. "Muulize, watu wameshapewa zao?"

Tukacheka. Fundi akafasiri, na mgeni akacheka pia, kwa adabu, baada yetu.

Walitaka kujaribu mashine yao msikitini kwetu. Kijisanduku kingewekwa kwenye tangi, kingine kwenye pampu, na vingezungumza kwa laini ya simu. Kamati ilifurahi, na mimi zaidi yao, kwa sababu ya ngazi. Lakini fundi alipofungua sanduku la waya lililokuwa pembeni mwa uchochoro alitikisa kichwa. Chumvi ya bahari ilikuwa imezila waya nyingi. Jozi moja tu ndiyo iliyokuwa nzima, na jozi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane, nyumba yake ikitazamana na msikiti. Aliomba simu zamani, akaambiwa angoje, akangoja. Mwanawe wa pekee alikuwa Uarabuni akifanya kazi, na alipotaka kuzungumza na mama yake alipiga kwenye duka la nguo. Mama alizungumza naye amesimama, wanunuzi wanasikiliza, mwenye duka akikohoa. Mwezi ule ndipo alipokuwa ameambiwa laini yake imetoka.

Kamati ikanituma kwake. Maji ya udhu ni haki ya watu wengi, na jirani naye ana haki yake. Sikuona njia ila wagawane. Nikabisha hodi, nikamweleza kwamba laini ingekuwa moja, yeye na simu yake huku, mashine na tangi lake kule. Simu ikipigwa na yeyote, pampu au mtu, mashine itaipokea mara moja na kutoa habari ya maji kwa mlio wake wa firimbi. Ila kwa saa atakazozichagua yeye, mashine itanyamazishwa na simu italia nyumbani kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maalim, nimengoja simu miaka yote hii, leo waja kunitia ukewenza na tangi?"

"Kila mmoja na zamu yake, bibi."

"Na tangi lenyewe halizai wala halipiki." Akafikiri kidogo. "Haya. Mwanangu hupiga saa kumi, akipumzika kazini. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili niachiwe mimi. Saa zilizobaki na lizungumze lipendavyo, sina la kusema nalo."

Nikamwambia fundi hivyo hivyo: saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Fundi akamgeukia mgeni akamwambia kwa Kiingereza, mgeni akabonyeza vidude vyake, na kazi ikaisha.

Nashukuru kwamba niliiona mashine ile ikifanya kazi. Maji yalikuja kabla hayajaisha na kukatika kabla hayajamwagika. Bwana pampu alilalamika kwamba hana mtu wa kuzungumza naye. Bibi yule alipiga simu dukani kwa mwenye nguo kumwambia kwamba sasa apumzike kukohoa, kisha akamtumia mwanawe namba kwa mkono wa msafiri.

Jibu likarudi kwa msafiri mwingine. Mwana alikuwa amepata mchumba huko huko, nikaha ni Ijumaa baada ya magharibi, na Alhamisi saa kumi angempigia mama yake amwombe radhi. Kwetu kijana haketi mbele ya walii wa mke, yule anayemwozesha, kabla mama yake hajatamka kwa kinywa chake kwamba amemridhia. Bibi hangeweza kusafiri kwenda harusini. Neno hilo moja ndilo lililokuwa sehemu yake yote katika harusi ya mwanawe.

Alhamisi tulikuwa tumemaliza kusali alasiri, na mimi nimebaki kwenye mkeka, niliposikia ukelele kutoka ng'ambo ya uchochoro. Nilimkuta bibi amesimama, mkono wa simu umeshikwa mbali na sikio, majirani wamejaa mlangoni.

"Imelia mara moja ikanyamaza," akasema. "Nikanyanyua, nikasikia firimbi, kama panya mia wamekanyagwa mikia. Na nyuma ya firimbi, mwanangu. Yuwaita, 'Mama, radhi, mama.' Nami nikamwambia nimekuridhia, nimekuridhia, kwa sauti yangu yote. Kisha kimya."

"Mtaa mzima tumekusikia," akasema jirani mmoja. "Huko Uarabuni ndiko sijui."

Simu ikalia tena, mara moja, ikanyamaza. Bibi akanyanyua, firimbi ile ile, na sauti ya mwana nyuma yake. Mara ya tatu haikulia. Mwana hakuwa na simu yake. Alipiga kutoka vibanda vya barabarani, na hakukuwa na namba ya kumrudishia.

Bibi akanigeukia. "Maalim, wewe umesoma. Radhi yangu imefika au haikufika?"

Nikamjibu kwa nilivyosomeshwa, kwamba radhi ni jambo la moyo, na Mwenyezi Mungu amesikia hata kabla hajatamka.

"Mungu amesikia, hilo nalijua bila kusoma," akasema. "Nakuuliza, mwanangu amesikia?"

Hilo sikuwa na kitabu chake. Majirani wakaondoka mmoja mmoja.

Ijumaa asubuhi nikaenda ofisini kwa fundi, tukarudi pamoja. Akapanda darini, akaifungua mashine, akatazama saa zilizoandikwa kwenye kioo chake kidogo. Nilimwona akifunika uso kwa kiganja.

"Maalim, mimi nimesema kumi."

"Nami nilikwambia kumi."

"Nimemwambia kumi kwa Kiingereza. Kumi ya Kiingereza ni saa nne ya asubuhi. Mashine imekuwa ikinyamaza asubuhi, mama akiwa sokoni."

Kutoa sita na kuongeza sita ni jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua, na yeye fundi alilijua pia. Alilifanya kila siku akitazama saa ya mkononi mwake. Siku ile alifasiri neno, jua akalisahau.

Kubadilisha zile saa kulitaka kompyuta ya mgeni, na mgeni alikuwa amekwenda Nairobi. Fundi aliweza jambo moja tu, nalo ni kuikata mashine kabisa. Wenzangu wa kamati wakaguna. Ijumaa msikiti hujaa mpaka barazani, na tangi bila mashine ni lile lile la zamani.

"Tukate Ijumaa?" akauliza mshona kofia.

"Tukate," nikasema. "Ngazi ninazijua."

Fundi akaikata. Nikapanda na kushuka, nikaenda Marikiti na kurudi, na maji kwa rehema yake Mola yakatosha mpaka mtu wa mwisho. Bwana pampu alinipokea kama mtu aliyerudi kutoka hija.

Baada ya alasiri nikaketi kwenye baraza ya bibi. Fundi naye alibaki, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha na hakuna aliyemzuia. Bibi alikuwa ndani, mlango wazi, ameketi karibu na simu na buibui lake amelivaa kama anayengoja kusafiri. Hatukujua kama mwana angepiga tena. Labda aliisikia firimbi akadhani simu imeharibika, akaamua kuoa hivyo hivyo. Labda alidhani jambo baya zaidi.

Simu ikalia. Ikanyamaza. Fundi akasimama. Ikalia mara ya pili, na ya tatu.

"Pokea, mama!" akasema fundi.

"Ngojeni," akasema bibi. "Niacheni niisikie ikilia."

Kisha akanyanyua. Tulisikia upande wake tu. Aliitika salamu, akasikiliza, akasema, "La, sikukasirika." Akasikiliza tena. Baadaye alitueleza kwamba kijana hakusikia kitu Alhamisi isipokuwa firimbi, akahofia mama amekata simu kwa kutoitaka ile ndoa, na akamwambia mkwewe kwamba haketi mpaka asikie. Tayari walikuwa wameanza kumnong'onezea.

"Nimekuridhia," akasema bibi, polepole, kila silabi mahali pake. "Duniani na akhera. Umesikia? Hebu lirudie nilivyosema." Akangoja, akalisikia, akaitikia kwa kichwa. Halafu akacheka. "Ile firimbi? Ni mke mwenzangu. Nitakusimulia siku nyingine."

Mgeni aliporudi kutoka Nairobi, fundi alikwenda kwanza kwa bibi kumwomba ruhusa ya kuiunga tena mashine.

"Iungeni," akasema. "Maji ni ya watu. Ila huyo mgeni wako aje hapa kwanza."

Mgeni akaja, akapewa kahawa na kipande cha halua. Bibi akamsimamisha mbele ya saa ya ukutani, akamwonyesha kwa kidole kwamba sisi husoma upande unaokabili mshale, si pale mshale unapoelekea. Yule bwana alijaribu, akakosea, akajaribu tena akapata, na bibi akamwongeza halua. Nafikiri katika yote aliyokuja kuitayarishia nchi yetu, hilo ndilo alilotayarishwa yeye.

Majaribio yalipokwisha walivifungua vijisanduku vyao wakaondoka navyo. Siku hizi watu wanazungumza habari ya vitu kupigiana simu kana kwamba imezaliwa jana. Laini ikabaki nyumbani kwa bibi. Mimi nikarudi kwenye ngazi zangu, na kwa miaka kadhaa nikiwa juu saa kumi, nikichungulia tangini, nilikuwa nikisikia simu ng'ambo ya uchochoro ikilia mara moja, mara mbili, mara tatu. Bibi hakuwa na haraka ya kupokea.