Ufunguo Ndani ya Mkebe wa Unga

Siku ambazo mgongo wa mzee Thuranira uliuma mpaka akameza dawa, mkewe Mukiri alichukua ufunguo wa pikapu na kuuzika ndani ya mkebe wa unga wa uji.

"Mzee wangu, karatasi inasema hii dawa inaleta usingizi. Usiendeshe gari."

"Karatasi inajua barabara ya Laare kuliko mimi?"

"Inajua usingizi."

Thuranira hakuenda shule. Mukiri alifika darasa la saba, kwa hivyo kila kilichoandikwa kilipitia mdomoni mwake: barua ya chifu, Zaburi, karatasi za hospitali. Mzee alimfuata mpaka jikoni akinung'unika, lakini mkono hakuutia kwenye unga. Siku kama hiyo miraa ya majirani, ambayo yeye ndiye aliyeipeleka sokoni, ilienda na gari lingine.

Mukiri alizikwa mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Ufunguo ukabaki kwenye msumari, mbele ya macho. Walioleta chakula cha matanga walirudi kwao. Waliobaki kuja ni watu wa miraa, na hao walifuata pikapu. Walipakia, wakasema "pole mzee", wakaenda. Hata hivyo, ilikuwa angalau sauti ya mtu uani.

Asubuhi moja mwezi wa nane aliamka mgongo ukiwaka moto. Akameza tembe mbili. Lakini miraa ilikuwa imeshafika langoni, imefungwa kwa majani ya mgomba, na miraa haingoji. Ikinyauka ni ya kulisha mbuzi. Basi akafanya kama wanavyofanya madereva wa Nyambene: akajaza shavu miraa ya kufukuza usingizi. Dawa ikivuta chini, miraa ivute juu, yeye apite katikati.

Kwenye kiti cha kando kulikuwa na mkoba wa Mukiri wa kanisani. Hakuwahi kuutoa. Karibu na soko macho yake yalikuwa wazi, lakini mwenyewe hakuwemo. Aliposhtuka, pikapu ilikuwa imepanda juu ya ndizi za Kaari, mchuuzi wa kando ya barabara, na Kaari yuko mtaroni amejishika kifundo cha mguu.

"Mzee! Ndizi nilileta kuuza, si kukutandikia barabara!"

Watu wakacheka. Thuranira akageukia kiti cha kando, amuulize Mukiri ni nini kimetokea. Palikuwa na mkoba tu.

Polisi alimnusa mdomo. "Umekunywa nini, mzee?"

"Mimi ni wa kanisa. Sinywi."

Lakini ulimi ulikuwa mzito, na mfukoni mlikuwa na karatasi ya dawa. Akapelekwa kutolewa damu. Kumbe sheria haibagui pombe ya chang'aa na dawa ya daktari. Inauliza tu kama ulikuwa na uwezo wa kushika usukani.

Siku ya kesi, Mwongera, mtoto wa ndugu yake, alimpangia maneno nje ya mahakama ya mji wa Maua.

"Baba mkubwa, ukiulizwa kama ulijua, sema hujui kusoma. Si ni ukweli? Sema hakuna aliyekuambia. Labda hakimu atakuhurumia, leseni ibaki. Bila gari, nani atafika kwako?"

Jibu la swali hilo mzee alilijua.

Ndani, hakimu, mama wa miwani, aliinua ile karatasi. "Mzee, hapa imeandikwa usiendeshe gari. Ulijua?"

"Sijui kusoma, mheshimiwa."

Huko nyuma Mwongera akashusha pumzi.

"Kwa hivyo hakuna aliyekuambia?"

Thuranira aliuona mkono wa Mukiri ukitoka kwenye mkebe, mweupe kwa unga mpaka kwenye kiwiko. Miaka kumi na mmoja mkewe alimwambia. Leo aseme hakuna?

"Mke wangu aliniambia," akasema. "Kila mara. Nilijua."

Akapigwa faini, na leseni ikafungwa mwaka mzima. Mlangoni Kaari alimpita akichechemea. "Si ungedanganya tu, mzee."

"Mukiri angesikia," akasema.

Kesho yake gari lingine lilipita na miraa ya majirani. Lilipiga honi, halikusimama. Thuranira akautoa ufunguo kwenye msumari, akafungua mkebe. Hakuwa ameugusa mkebe huo tangu mwezi wa nne. Unga ulikuwa umeingia wadudu. Akauzika ufunguo humo humo, akafunika, akakaa jikoni bila kupangusa unga mkononi.