Seli za Nyangeta zimeachishwa damu ya ndama

Leo nusura nimharibie mjukuu wangu safari ya Butiama.

Mimi sijakanyaga huko miaka thelathini. Jumamosi Nyangeta anakwenda kwa niaba yangu, mara yake ya kwanza, kumwona dada yangu Mugaya, mfugaji.

Nikampigia Mugaya kumsifia mtoto: anakuza seli za binadamu maabarani, za kujaribia dawa.

"Zinakula nini?"

Mimi na usahihi wangu! Nikamweleza: seramu, maji ya damu ya ndama aliye bado tumboni.

"Na mama yake?"

"Huwa ameshachinjwa."

Kwetu ng'ombe mwenye mimba hachinjwi, hata kuwe na njaa.

"Huyo mtoto asifike kwangu." Akakata simu.

Nikampigia Nyangeta, nikamsimulia yote. Akacheka! "Babu, hiyo ni ya zamani. Miezi yote hii nimekuwa napunguza seramu. Leo nimeziangalia kwenye darubini: zinakua bila hata tone."

Nikawaunganisha wote wawili kwenye simu, Nyangeta akamweleza.

"Hazikufa?" Mugaya akauliza.

"Mwanzoni zilikufa, Bibi. Nilikata ghafla."

"Bila shaka! Hata ndama, ukimnyima ziwa ghafla anakonda. Mimi nilikuwaga napunguza siku kwa siku."

"Ndivyo nilivyofanya."

"Basi wewe ni mfugaji. Njoo, mjukuu wangu. Na huyo babu yako mwambie aache kueleza-eleza mambo."

"Nakusikia, dada," nikasema.

"Ndiyo, usikie."

Nimekaa chini, napumua. Nani mwingine leo ameponzwa na mdomo wake?